Nafuu ya Mzee Kiptum

Waumini waliligundua jambo hilo kabla ya mtu yeyote kulitaja. Mzee Kiptum, ambaye tangu kanisa lile lijengwe pale Rongai alikuwa akiketi kwenye benchi la mbele upande wa wanaume, alihamia benchi la mwisho, lile lililo karibu na mlango. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba macho yake siku hizi yaliona mbali vizuri kuliko karibu. Mahubiri yakirefuka, aliinuka taratibu, akavaa kofia yake akiwa bado ndani, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakaripia vijana wengi kwa kulifanya, akatoka. Alirudi baada ya muda. Kisha akatoka tena.

"Jirani," Ogola alimwambia Jumapili moja nje ya kanisa, "wamekupa kazi ya ubawabu na hukuniambia?"

"Nachunga viatu vya watu," Kiptum alijibu. "Nasikia kuna mstaafu wa reli anayeviiba."

Wakacheka wote wawili. Chepkurui, mkewe Kiptum, alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao akiwa na Biblia kifuani, naye hakucheka. Ni yeye aliyejua kwamba mumewe sasa aliondoka kitandani mara nyingi hata upande wake wa shuka haukupata joto. Ni yeye aliyemsikia, kupitia dirishani, akisimama uani akingoja, akingoja, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba isiyo na mwenyewe.

Hakumwuliza kitu. Kwa wazee wa rika la Kiptum, mambo ya chini ya kitovu mwanamume aliyazungumza na wenzake wa rika moja, na wengi wa rika lake walibaki Olenguruone, kule Mau walikotoka, au walikuwa wamekwisha kuzikwa huko. Mke aliruhusiwa kujua. Hakuruhusiwa kusema kwamba anajua. Chepkurui alikuwa ameishi ndani ya kanuni hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba aliigeuza kuwa njia ya kumtunza mumewe. Aliling'oa jiwe lililomkwaza njiani kuelekea chooni. Alipunguza chai ya jioni bila kutoa sababu. Kiptum aliona, naye hakusema kwamba ameona.

Lakini moyoni mama huyo alikuwa na hofu yenye jina. Kaka yake mkubwa alianza hivyo hivyo, kwa kusimama uani akingoja, na alipokufa watu walisema ameuawa na mgongo. Chepkurui alimwosha kaka yake usaha wa vidonda vya kulala, akajua kwamba mgongo ulisingiziwa ugonjwa ulioanzia chini ya kitovu. Hakutaka kumwosha mumewe vile.

Ogola ndiye aliyeuvunja ukimya. Alikuja alasiri moja kuazima toroli, akawakuta wanapukusa mahindi barazani, akajivutia kigoda bila kukaribishwa.

"Nikuambie kitu, na usinitupie gunzi," alisema. "Mimi pia nilikuwa bawabu. Nikaenda Nakuru. Daktari alikuwa mwanamke, tena mdogo kuliko binti yangu. Akaniambia nivue suruali, nilale kwa ubavu, nitazame ukuta. Nikautazama ukuta nikihesabu mabehewa. Kabla ya behewa la mkaa kupita, alikuwa amemaliza."

"Amemaliza nini?" Kiptum aliuliza, ingawa alijua.

"Kupima tezi dume. Kwa kidole." Ogola alikiinua kidole chake kama mwalimu anayedai ukimya darasani. "Sijafa. Wala yule daktari hajafa."

Kiptum alipukusa hindi lake hadi mwisho, akalitupa gunzi katika rundo. "Nyinyi watu wa ziwani mwaweza kuvuliwa nguo na mpita njia yeyote. Sisi hatukulelewa hivyo."

"Mficha uchi hazai, jirani."

"Mimi nimekwisha kuzaa," Kiptum alisema. "Niachie uchi wangu."

Hata Chepkurui alilazimika kuinama ili asionekane akitabasamu. Ila Ogola alipoondoka na toroli, tabasamu lilikuwa limekwisha kumkauka mdomoni.

Wiki hiyo hiyo Chepkurui alikwenda Nakuru. Karibu na soko, ndani ya jengo lenye maduka yaliyobanana, kulikuwa na duka la Joyline, mwanamke wa kutoka magharibi ambaye walifahamiana katika mikutano ya akina mama wa kanisa. Joyline aliuza virutubisho: unga wa mlonge, asali, mafuta ya samaki, na chupa za vidonge zilizopangwa kwa ukubwa kama watoto wa gwaride. Chepkurui alimweleza kwa kuzunguka, akisema kwamba kuna mtu nyumbani asiyepata usingizi kwa sababu ya haja ndogo.

"Sema tu ni Mzee, mama," Joyline alisema, akampa kiti. "Wanawake wote wanaokuja hapa huwa na mtu nyumbani. Hakuna hata mmoja mwenye mume."

Akashusha chupa moja. "Hizi huitwa steroli. Ni mafuta fulani yaliyomo ndani ya mimea. Yamo kwenye mahindi, kwenye njugu, kwenye mbegu za malenge. Hapa yamekusanywa pamoja, yakachanganywa na dondoo ya gome la mti."

"Mahindi?" Chepkurui aliishika chupa, akaigeuza. "Nimeacha ghala limejaa mahindi nije kununua mahindi Nakuru?"

"Ule magunia mangapi, mama, ili upate kilicho ndani ya kidonge kimoja? Utamlipua mzee wa watu." Joyline alicheka, kisha akaacha kucheka, akaushika mkono wa mgeni wake. "Sikiliza sasa, maana mimi nauza lakini sitaki kesi na Mungu. Hiki si dawa ya kuponya. Kitalegeza njia ya mkojo, atapata nafuu. Tezi yenyewe hakiipunguzi, na kama ndani yake kuna saratani, hakiigusi. Kwanza apimwe. Ndipo ameze."

"Atapimwa," Chepkurui aliahidi.

Alimpa Kiptum chupa ile na akasema neno moja tu, kwamba Joyline amewatumia. Kiptum alivaa miwani, akaichunguza picha iliyobandikwa juu yake. Ulikuwa mti mrefu wenye gome jeusi lililopasuka vigae vigae.

"Huu ni tendwet," alisema, na sauti yake ikalainika. "Mti wetu huu. Kule Mau baba alikuwa akilibandua gome lake, akalichemsha kwa supu ya mifupa. Kumbe Wazungu wameutia ndani ya chupa."

Akameza kidonge cha kwanza kwa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda yaliyotiwa mkaa, kama vile alivyoona dawa zote za maana zikimezwa utotoni mwake. Chepkurui alikuwa amekusudia kutaja sharti la Joyline papo hapo. Alipouona uso wa mumewe ulivyofunguka kwa kuukuta mti wa babake mahali asipoutarajia, akaliahirisha.

Nafuu ilikuja. Haikuja kwa siku moja, ila ilikuja kweli, na mtu asije akasema kwamba vidonge vile vilikuwa uongo. Kabla ya mvua za kupandia kuanza, Kiptum alikuwa akilala kama watu. Alirudi benchi la mbele. Alimnunulia Ogola chupa yake, akamwambia kwamba sasa mabehewa yanaweza kupumzika. Ogola akashukuru, akasema yeye alipewa dawa zake hospitalini, nazo zinamtosha.

"Na wewe ulipimwa?" Ogola aliuliza.

"Kipimo ni haja," Kiptum alisema. "Haja yenyewe inatoka vizuri."

Chepkurui hakulala vizuri hata baada ya mumewe kuanza kulala. Ahadi aliyompa Joyline ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi moja, Kiptum alipokuwa akifunga kamba za viatu, alimwambia bila kumtazama kwamba zahanati ya Rongai imepata tabibu mpya, wala si mwanamke, na kwamba itakuwa vizuri wapite hapo mara moja tu, kwa ajili ya yeye mkewe kupata amani. Kiptum alimaliza kufunga kamba za kiatu cha pili. Kisha akasema, "Kama ni kwa ajili yako, twende." Kwa mwanamume wa aina yake, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kumpa ng'ombe.

Walifika zahanatini jua likiwa bado changa, wakangoja zamu yao. Walipoingia chumbani, tabibu aliyekuwa nyuma ya meza aliinua kichwa, kisha akasimama wima kama mwanafunzi anavyosimama mwalimu mkuu anapoingia darasani.

"Baba," alisema.

"Kiplimo," Kiptum alisema. "Kumbe ni wewe uliyeletwa hapa."

Wakasalimiana kwa lugha yao, wakaulizana habari za Olenguruone, za baridi, za viazi, za nani amekufa. Chepkurui alisimama karibu na mlango, naye akalitambua jina lile. Miaka mingi iliyopita, kabla hawajahamia Rongai, Kiptum alichaguliwa kuwa motiriot, yaani mlezi wa vijana jandoni. Chepkurui aliwapikia vijana wale, akaacha chakula mahali ambapo wanawake walipaswa kukiacha, akarudi bila kugeuka nyuma. Yaliyofanyika huko hayakuwa ya masikio yake. Alijua kile tu ambacho kila mwanamke alijua: kwamba motiriot ndiye aliyemfundisha kijana kutopepesa jicho mbele ya kisu, na kwamba tangu siku hiyo kijana humheshimu kuliko baba aliyemzaa, hadi kaburini. Kiplimo alikuwa mdogo kuliko wote katika kundi lile.

Kiplimo alimpa Kiptum kiti chake mwenyewe, kile chenye mto. Yeye akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Hivyo ndivyo walivyozungumza: mgonjwa nyuma ya meza, tabibu mbele yake, mikono ameiweka juu ya magoti.

"Mama alitaka nije," Kiptum alisema. "Ni mambo ya mkojo. Yamekwisha sasa. Nimepata vidonge vya tendwet."

"Yamekwisha kabisa, baba?"

"Natoa kama kijana."

"Damu je? Haijaonekana?"

"Damu ya nini?"

Juu ya meza, karibu na kiwiko cha Kiptum, palikuwa na boksi la glavu. Chepkurui alimwona kijana akilitazama boksi lile, kisha akimtazama mzee, kisha akiitazama sakafu. Kiptum naye alikuwa akimkazia macho Kiplimo, macho makavu, yasiyofumba.

"Ipo njia ya kupima, baba," Kiplimo alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha chai mgeni aliyekwisha kusimama. "Ila kwa kuwa umepata nafuu... Kuna pia kipimo cha damu. Hatukifanyi hapa, hufanywa Nakuru. Siku mkipita huko..."

"Tutapita," Kiptum alisema.

"Basi endelea na vidonge vyako."

Kiptum akainuka, akamwekea Kiplimo mkono kichwani, akambariki. Kiplimo aliinama kuipokea baraka ile. Chepkurui alifungua mdomo. Alikuwa na maneno tayari. Aliyahisi yakiwa yamejipanga ulimini. Lakini mwanamke hasimami kati ya motiriot na kijana wake, na tena hafanyi hivyo chumbani ambamo mumewe anatoa baraka. Akaufunga mdomo wake, akawafuata nje.

Tangu siku hiyo Kiptum alikuwa na jibu. Ogola alipouliza, aliambiwa, "Nimeshapimwa." Binti yao Linah, aliyefundisha shule huko Gilgil, alipopiga simu, aliambiwa, "Babako ameshapimwa, tena na kijana wetu." Joyline naye, alipokutana na Chepkurui kanisani, aliuliza kama sharti limetimizwa, na Kiptum akajibu kwa niaba ya mkewe. Chepkurui alitazama kando. Haikuwa desturi yake kumkanusha mumewe mbele za watu.

Mwezi wa nane Linah aliwachukua kwa gari lake, akawapeleka Kikopey kula nyama, kwa kuwa babake alikuwa akiitamani. Kiptum aliketi mezani tangu mbavu zilipoletwa hadi mifupa ilipoondolewa, hakuinuka hata mara moja, akasimulia hadithi za baridi ya Mau hadi mkata nyama akaacha kisu chake kusikiliza. Chepkurui alimtazama mumewe akicheka na mafuta ya mbuzi yakimng'aa kidevuni, akajiambia kwamba labda hofu yake ni ya kike tu, na kwamba kaka yake alikuwa kaka yake. Wakirudi nyumbani, gari lilipungua mwendo katikati ya mji.

"Tuko Nakuru," Chepkurui alisema.

"Naona," Kiptum alisema.

Linah akaongeza mwendo.

Maumivu ya mgongo yalianza mahindi yalipokomaa. Kiptum akalaumu gunia alilolibeba. Baadaye akalaumu godoro, na Chepkurui akamshonea lingine la pamba. Haja bado ilikuwa ikitoka vizuri, na hicho ndicho alichokishikilia: ugonjwa ule ungekuwapo, haja ingefunga, na haikufunga, basi ni mgongo. Chepkurui alipolisikia neno hilo, mgongo, alikwenda jikoni akaketi chini karibu na mafiga, na majivu yakampanda kwenye sketi. Kisha alimpigia Linah simu, akamwambia aje na gari, na asimwambie babake wanakokwenda.

Daktari wa Nakuru aliitwa Truphosa, mwanamke mfupi asiyepoteza muda. Alimpima Kiptum kwa kidole kabla mzee hajapata nafasi ya kutunga sababu; akatuma damu ipimwe; akatuma mifupa ipigwe picha. Majibu yalipokuja, aliwaketisha wote watatu. Saratani ilikuwa imetoka katika tezi, ikaingia nyongani na uti wa mgongo. Zipo sindano za kuipunguza mwendo. Za kuirudisha ilikotoka, hakuna.

"Ni vile vidonge?" Linah aliuliza, na machozi yakimtoka. "Ndivyo vilivyomharibu?"

"Vidonge havikumdhuru," Daktari Truphosa alisema. "Vilimpa nafuu, kama vilivyoandikwa. Shida ni kwamba nafuu ilitangulia kipimo. Kabla ya kuja hapa alipimwa na nani?"

Kiptum aliitazama kofia yake iliyokuwa magotini. Chepkurui alimtazama Kiptum.

"Nilikosea," Kiptum alisema mwishowe. "Hakuna aliyenipima."

Walirudi Rongai. Sindano zikamsaidia kwa kipindi, naye akapanda mahindi akiwa ameketi kwenye kiti, akiwaelekeza vibarua kwa fimbo. Ogola alikuja kila siku. Alimletea magazeti, akamsomea, akayabishia yaliyoandikwa. Wala hakutaja mabehewa tena. Kisha miguu ya Kiptum ikalegea, na kitanda kikawa shamba lake lote.

Siku ambayo haja ilifunga ilikuwa siku ya mvua kubwa. Tangu alfajiri Kiptum hakutoa hata tone, na kufikia mchana tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Hakulia. Hakugumia. Uso wake tu ndio uliokuwa ukitoka jasho, na meno yake yakisagana. Linah alikuwa Gilgil. Barabara ya kutokea shambani ilikuwa matope matupu, na gari la jirani lilikuwa limekwama mtaroni tangu asubuhi. Ogola alisema atakimbilia mjini atafute trekta.

"Trekta itafika jioni," Chepkurui alisema. "Kaa naye."

Akajifunika gunia kichwani, akaenda zahanatini kwa miguu.

Alimkuta Kiplimo akiwa peke yake. Kiplimo alipomwona mlangoni, maji yakimchuruzika na matope yakimfika magotini, alijua kabla hajaambiwa. Habari za ugonjwa zilikuwa zimemfikia zamani. Hakuwa amethubutu kuja.

"Mkojo umefunga," Chepkurui alisema. "Chukua mpira wa kuutolea na vifaa vyako. Twende."

"Mama," Kiplimo alisema. "Mtafute mtu mwingine. Mimi siwezi kumgusa Baba hapo."

"Mtu mwingine yuko Nakuru, na Nakuru hakufikiki leo."

"Hatanikubali."

"Hilo niachie mimi." Alilishusha gunia kichwani. "Sikuja kukulaumu, mwanangu. Siku ile mimi pia nilikuwa mle chumbani na nilikuwa na mdomo. Chukua vifaa."

Walipofika, Ogola aliwapisha, akaenda kusimama barazani akiupa mlango mgongo. Kiptum alifungua macho. Alipomwona aliyekuja na mkewe, alijaribu kulivuta blanketi hadi shingoni.

"Si huyu," alisema.

"Ni huyu," Chepkurui alisema.

"Mama Linah, hujui unachofanya. Huyu ni kijana wangu."

"Najua ni kijana wako." Alisimama miguuni pa kitanda, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akayasema mambo ambayo wanawake hawayasemi. "Ulimpeleka mahali nisipopajua, ukamfundisha kutopepesa jicho. Nilipika chakula chenu, nikanyamaza. Sasa niambie, ulimfundisha kwa ajili ya nini? Kijana amekuja kutopepesa jicho. Wewe ndiye unayepepesa."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu. Kiptum alimtazama mkewe kwa muda mrefu, na ndani ya macho yake kulikuwa na hasira, kisha hasira ikapungua, pakabaki mzee mmoja mwenye maumivu. Akaliachilia blanketi. Akageuza uso, akautazama ukuta.

Chepkurui alitaka kutoka. Mumewe akasema, bila kugeuka, "Kaa."

Akakaa. Kiplimo alinawa, akavaa glavu, akapaka mafuta, akafanya kazi yake. Mikono yake haikutetemeka. Mkojo ulishuka kwenye beseni, mwekundu kama chai isiyotiwa maziwa, ukashuka, ukashuka, na tumbo la Kiptum likalegea, na pumzi ndefu ikamtoka.

"Umemaliza?" Kiptum aliuliza.

"Nimemaliza, baba."

"Mbona sikuhisi?" Bado alikuwa akiutazama ukuta. "Una mikono myepesi. Kumbe ni hivi tu."

Kiplimo alikusanya vifaa vyake. Akainamisha kichwa, akatoka, akapita mvuani bila kujifunika, naye Ogola akamfuata na mwavuli.

"Usimlaumu yule mtoto," Kiptum alisema walipobaki wawili.

"Simlaumu."

"Alijua alichopaswa kufanya siku ile, nami nilijua. Nilikuwa nikimtazama ili asifanye."

Chepkurui alimpangusa jasho la shingoni kwa ncha ya leso yake. "Mimi nilikuona ukimtazama," alisema. "Nikakuachia."

Kiptum alikitafuta kiganja cha mkewe, akakishika, kama ambavyo hakuwahi kukishika mchana, mlango ukiwa wazi.

Alifariki kabla ya mahindi kukomaa. Walimzika shambani, chini kidogo ya ghala, na watu walikuja kutoka hata Olenguruone kumsindikiza. Kiplimo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na alilibeba upande wa kichwani. Wazee wa rika la marehemu, wale wachache waliosalia, waliketishwa mstari wa mbele, kofia magotini. Mchungaji alisoma wasifu, na alipofikia mwisho akasema, kama inavyosemwa katika kila mazishi, kwamba marehemu aliugua mgongo kwa muda mfupi.

Chepkurui aliinuka. Linah alimshika mkono, naye akautoa taratibu.

"Hakuugua mgongo," alisema, "wala hakuugua kwa muda mfupi. Ilikuwa saratani ya tezi dume. Tulikuwa na nafasi ya kupima, hatukupima. Tuliheshimiana."

Aliketi. Mbele yake wazee walikuwa wameinamisha vichwa vyao, kila mmoja akiitazama kofia yake. Mchungaji alingoja, akakohoa, kisha akaanzisha wimbo, na hadi ubeti wa pili wanawake peke yao ndio waliokuwa wakiuimba.